Aliyelipa na Aliyevua

Mchana, boti zinaporejea katika bandari ya Cabo San Lucas, kwenye ncha ya kusini kabisa ya rasi ya Baja California nchini Mexico, gatini hupigwa picha. Mgeni husimama katikati, uso umeiva kwa jua, ufito wa kuvulia mkononi. Kando yake ananing'inia jodari au faulusi, na mara mojamoja nduaro aliyempita kwa urefu. Nahodha husogea pembeni asimzibie mwanga. Kamera huwa mikononi mwa baharia, kijana aliyekuwa mbioni ndani ya boti tangu alfajiri. Picha itakwenda Texas, itatundikwa ukutani, na chini yake litaandikwa jina la mtu mmoja tu.

Nasaha yangu ya leo inamhusu huyu aliyeshika kamera, na wanaoambiwa ni mimi na wewe ambao siku nyingine ndio tunaosimama katikati ya picha. Mtu yeyote mwenye uwezo wa kumlipa mwenzake amfanyie kazi anaweza kumdhulumu bila kuvunja sheria hata moja, tena bila kujua kwamba anadhulumu. Miji ya uvuvi wa starehe ya Mexico, kama Cabo San Lucas, San José del Cabo, La Paz, Mazatlán na Zihuatanejo, hulionyesha jambo hili waziwazi, kwa sababu huko anayelipa na anayetenda hushinda pamoja ndani ya chombo kimoja, hatua chache tu kati yao, na bado mmoja huweza kurudi nchi kavu bila kumwona mwenzake.

Tazama kwanza jinsi samaki yule anavyopatikana. Boti hufungua kamba kabla ya mapambazuko. Kwenye mlango wa bandari wauza chambo wanangoja ndani ya boti ndogo za wazi, wakiwa na visamaki vya kuuzwa vingali hai. Nahodha hununua vya kutosha, kisha hugeuza omo kuelekea bahari kuu. Aelekee wapi? Chini ya maji kuna vilima ambako samaki hukusanyika: Golden Gate na San Jaime upande wa Pasifiki, Gordo upande wa San José del Cabo. Lakini kilima hakihami, samaki huhama. Jana walijaa, leo hakuna hata mmoja. Nahodha huangalia maji yanapogeuka kutoka kijani kuwa buluu, huangalia ndege wanakozunguka, hupima mkondo, husikiliza wenzake redioni huku akijua nani husema kweli na nani huficha. Maarifa hayo hayapatikani kwa wiki moja. Rasi ile ilipata barabara ya lami ya kuipitia yote, kaskazini hadi kusini, mwaka 1973 tu, na wapo manahodha ambao baba na babu zao walivua ili wale, kabla hoteli hazijatanda ufukweni.

Nduaro mwenye milia akionekana juu ya maji, ncha ya mkia nje, nahodha humkaribia taratibu asimtishe. Baharia hukimbilia omo na kumtupia chambo hai mbele ya pua. Samaki hugeuka, humeza. Mshipi huachwa uende, kisha hukazwa, na ndoana ikishakaa vizuri ndipo ufito hukabidhiwa mgeni. Kuanzia hapo mgeni huvuta, pengine nusu saa, pengine zaidi, nahodha akiizungusha boti kumfuata samaki anakokwenda. Kuvuta ni kazi, na sitaki kulidharau jasho la mtu. Ila kazi iliyomleta samaki kwenye mshipi ilifanywa na wengine, na ilianza wakati mgeni bado amelala.

Mchezo wenyewe unalijua hilo. IGFA, chama cha kimataifa kilichoanzishwa mwaka 1939 ambacho hutunza rekodi za uvuvi wa aina hii, kina kanuni kali: anayetaka samaki aandikwe kwa jina lake amnase mwenyewe na amvute mwenyewe, na mkono wa mtu mwingine usiuguse ufito samaki akiwa amenasa. Maana yake ni kwamba samaki wengi wanaopigiwa picha gatini wasingeandikwa katika daftari lile kwa jina la aliyelipa. Hakuna ubaya katika kusaidiwa. Mtu hulipa ili asaidiwe. Ubaya huanzia pale simulizi inapomfuta msaidizi.

Kwa hiyo unaposimulia, simulia kikamilifu. Uliza jina la nahodha na la baharia mnapoagana na gati, uyaandike usije ukayasahau, na siku ya kuonyesha picha uyataje kwanza. Mwite kijana aingie pichani. Gatini hakosekani mtu wa kushika kamera. Sifa unayompa mwenzako haikupunguzii kitu, na kwake ni riziki, kwani nahodha anayetajwa kwa jina ndiye atakayetafutwa na mgeni wa mwakani. Huku kwetu vilevile. Mwenye arusi husifiwa pilau ambayo hakuikoroga. Mkuu wa idara husoma mbele ya bodi ripoti iliyoandikwa na kijana aliyekesha, na hamtaji. Nimeona watu wema kabisa wakifanya hivyo, wenye kuswali na wenye kusali, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba sifa nayo ni mali ya mtu.

Nije kwenye ujira. Kodi ya boti hulipwa ofisini au kwa wakala, na baharia haioni. Anachokitegemea ni bakshishi ya mwisho wa siku, wenyewe huiita propina, na desturi iliyozoeleka ni asilimia 15 hadi 20 ya kodi ya boti. Sasa angalia mwenendo wa baadhi ya wageni. Mtu ameilipa kampuni mamia ya dola bila kunung'unika. Jioni anasimama gatini, anahesabu noti mojamoja, na akikumbuka kwamba samaki hawakula siku hiyo, mbili anazirudisha mfukoni. Baharia anatazama pembeni, kwa sababu ni aibu kutazama.

Ndugu yangu, siku isiyo na samaki ndiyo siku ambayo baharia amechoka zaidi. Amebadilisha chambo mara nyingi kuliko siku ya neema, amekodoa macho kwenye maji saa nane mfululizo, na juu ya hayo amebeba uso wa mgeni ulionuna. Samaki hana mkataba nawe. Ulichokodi ni ujuzi, muda na uangalifu wa watu wawili, na hivyo vyote umevipata. Waislamu tumefundishwa kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Ndugu zetu Wakristo wameonywa juu ya ujira uliozuiliwa, kwamba kilio chake humfikia Mungu. Sijui fundisho ambalo dini hizi mbili zimelikazia kwa ukali unaofanana kuliko hili.

Njia iliyo salama ni kutenga kiasi hicho kabla hujapanda botini, ukakiweka mfuko wake peke yake, na ukikabidhi umkabidhi aliyetenda, mkononi, ukimtazama usoni. Nitasema kwa ukali kidogo: asiyekuwa na cha baharia hana cha boti. Akodi kiti cha ufukweni, aangalie bahari, na hiyo nayo ni starehe ya halali.

Kuna deni jingine ambalo mgeni hulisahau, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Sheria ya uvuvi ya Mexico ya mwaka 2007 imetenga ukanda wa maili 50 za baharini kutoka pwani. Ndani ya ukanda huo nduaro wa aina zote, sulisuli, faulusi na wengine wachache ni wa uvuvi wa starehe peke yake. Mvuvi wa kibiashara haruhusiwi kuwavua. Kanuni zinaongeza kwamba mvuvi wa starehe asichukue zaidi ya samaki 10 kwa siku, wasizidi 5 wa aina moja, na faulusi wasizidi 2. Tena asiwauze.

Fikiri maana yake kwa mtu wa kijiji kilicho mbali kidogo na hoteli, mwenye boti yake ya wazi na watoto wanne. Faulusi anapita mbele yake, samaki mtamu mwenye bei nzuri, na sheria inamwambia mwache apite, kuna mgeni anakuja. Serikali ilikuwa na hoja zake, na ni hoja za maana: samaki mmoja anayevuliwa kwa starehe hulipia boti, mafuta, hoteli, teksi na chakula, na nduaro akiachiliwa anaweza kumfurahisha mgeni mwingine kesho. Siipingi sheria hiyo. Ninachosema ni kwamba mtu maskini amezuiwa ili wewe upate raha. Raha ya namna hiyo ina masharti. Ukizidisha kikomo kwa sababu hakuna anayekuona, au ukiua nduaro kwa ajili ya picha kisha nyama ikaharibika juani, umekula cha mtu aliyeambiwa asile.

Hapo lawama humfikia mwenyeji pia, na sitamwonea haya. Yako majaribu ambayo nahodha huyafahamu vizuri. Mgeni amekwishapata faulusi wake wawili, anataka wa tatu, wa nne, na anadokeza kwamba bakshishi itanona. Nahodha ana karo ya shule ya kulipa. Kukataa ni hasara ya papo hapo, na kukubali hakuna hasara inayoonekana leo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami naamini hivyo. Lakini mwenyeji anayemkubalia mgeni kila kitu hatapona. Atabaki na bahari tupu na wageni waliohamia pwani nyingine.

Wapo waliojua kukataa. Upande wa mashariki wa rasi ileile, kwenye Ghuba ya California, kuna kijiji kidogo kiitwacho Cabo Pulmo. Wenyeji wake waliishi kwa kuvua: lulu zamani za mababu, kisha samaki wa mwambani na papa. Samaki walipopungua, familia za pale, wakishirikiana na watafiti wa chuo kikuu cha La Paz, waliiomba serikali iwafungie bahari yao wenyewe. Hifadhi ya taifa ikatangazwa mwaka 1995, zaidi ya hekta 7,000. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya dhiki, mtu anaamka asubuhi na mshipi hana mahali pa kuutupa. Watafiti walipopima mwaka 2009 na kulinganisha na vipimo vya mwaka 1999, uzito wa samaki katika maji yale ulikuwa umeongezeka kwa zaidi ya asilimia 460. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2011 na ukasomwa dunia nzima. Leo kijiji kinaishi kwa wageni wanaokuja kuzamia na kutazama makundi ya samaki yanayofunika jua.

Vijana wa Watamu, Malindi, Nungwi na Mafia wanaofanya kazi hiihii, wakiwatafutia wageni nduaro, jodari na sulisuli, nawaomba waishike habari ya Cabo Pulmo. Mgeni akikuomba kitu ambacho kesho kitakufilisi, mwambie hapana kwa adabu, kwa sauti ileile uliyomkaribishia. Wengi watakuheshimu. Asiyekuheshimu hakuwa mgeni wako.

Kuhusu ukweli nitasema machache. Kila mwezi wa Oktoba hufanyika Cabo San Lucas mashindano ya Bisbee's Black & Blue, yaliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, na zawadi zake hufikia mamilioni ya dola. Nduaro wa kupimwa sharti afike ratili 300, karibu kilo 136. Kwa fedha nyingi hivyo neno la mtu halitoshi, hivyo washindi hupitishwa kwenye mashine ya kupima uongo. Lakini siku za kawaida boti hurudi bandarini zikipeperusha bendera ndogo, kila aina ya samaki na bendera yake, na aliyeachiliwa naye ana alama yake. Bendera hizo hazikaguliwi na yeyote. Nahodha anayekataa kupandisha bendera ya samaki ambaye hakumpata, huku boti za jirani zimejaa rangi na wateja wa kesho wanatazama kutoka mgahawani, namheshimu kuliko mshindi aliyefaulu mbele ya mashine.

Sasa nifike kwenye jambo zito, linalowahusu wenye boti na waajiri wa kila aina.

Usiku wa tarehe 14 Septemba 2014 kimbunga Odile kilitua Cabo San Lucas, upepo wake karibu kilomita 200 kwa saa. Uwanja wa ndege uliharibika, umeme ukakatika, boti zikapanda nchi kavu. Watalii wapatao 30,000 walikwama, na serikali ikawasafirisha bure kwa ndege, zikiwemo za kijeshi. Lilikuwa jambo jema, mgeni hutunzwa. Wenyeji walibaki kwenye giza na vumbi, wakajenga upya, na Oktoba mwaka huohuo mashindano yakafanyika. Ninajiuliza ni wageni wangapi kati ya wale waliopanda ndege walimpigia simu baharia wao baada ya kufika kwao, wakamuuliza kama paa lake lipo.

Acapulco, mji mwingine wa pwani ya Pasifiki ya Mexico, hali ilikuwa mbaya zaidi. Kimbunga Otis kilitua huko usiku wa kuamkia tarehe 25 Oktoba 2023. Kwa muda usiotimia siku moja kilikuwa kimepanda kutoka dhoruba ya kawaida hadi daraja la tano, la juu kabisa, upepo ukizidi kilomita 250 kwa saa. Watu wapatao 50 walikufa, na wengine 30 na ushee hawakuonekana. Miongoni mwao walikuwemo manahodha na mabaharia wa boti za starehe. Walikuwa wamebaki ndani ya boti katika ghuba ili wazilinde: wazitie nanga, wawashe injini, wazielekeze kwenye upepo. Baadhi ya familia zilisema wapendwa wao waliagizwa kubaki. Wengine hawakuhitaji kuagizwa, kwani baharia anayeiacha boti ya tajiri siku ya dhoruba hujua kwamba keshokutwa huenda hana kazi. Siku zilizofuata wake, kaka na mama zao walizunguka ghuba na magati wakiuliza, na wengine wakaingia baharini wenyewe kutafuta.

Ni kweli kwamba kimbunga kile kilikua kwa kasi iliyowashangaza hata wataalamu wa hali ya hewa. Sitamhukumu mtu kwa kutokujua yaliyokuwa yamefichika. Lakini utaratibu wa kumwacha mtu ndani ya boti dhoruba inapokuja ulikuwepo kabla ya Otis, na ulitokana na hesabu iliyofanywa kimyakimya, kwamba boti ina thamani ya kulindwa na mlinzi ni gharama ya ulinzi. Kuna methali yetu isemayo usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Wenye boti wengine hawakuwahi kuwa mabaharia, hivyo hawana cha kukumbuka. Hao wanalazimika kujifunza kwa kuuliza: mwanao alale wapi usiku upepo ukija, ndani ya boti hii au nyumbani?

Jambo hili si la Mexico pekee. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua Mafia. Mamlaka ya hali ya hewa ya Tanzania ilikuwa imetoa tahadhari, na safari za boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Tuliozoea kuamini kwamba pwani yetu haifikiwi na mambo hayo tuliona mawimbi yakigonga kuta. Nani aliachwa kulinda boti za hoteli usiku ule? Nani aliachwa kulinda ghala, shamba, duka? Waajiri waliolala salama wawaulize wafanyakazi wao, nami nawaomba wasiridhike na jibu la kwanza.

Msimu wa vimbunga upande wa Pasifiki ya mashariki huanza tarehe 15 Mei. Mwenye boti wa Acapulco au Cabo, na mwenye boti wa Watamu au Nungwi kabla ya misimu yake, aketi na watu wake mapema na kuandika mambo yafuatayo kwenye karatasi yenye sahihi yake. Tahadhari ikitolewa, boti ifungwe au ipandishwe pwani, na mtu yeyote asilale ndani yake. Nahodha akisema leo hatutoki, safari imeahirishwa na mshahara wa siku haukatwi. Bima iliyokatiwa injini ikatiwe na waliomo, na majina ya wake na watoto wao yawe ofisini pamoja na namba zao za simu. Karatasi hiyo nakala moja abaki nayo nahodha, na nyingine apewe mkewe.